Kebo gani kwa mnara wa mita 30? RG-213 inanila wati kwenye 432

#1 Mlingoti_Tanga
Wakuu salaam.

Mnara wangu wa redio ya ridhaa ni wa mita 30, bahari iko kama kilomita moja na nusu. Kutoka mguu wa mnara hadi mezani kwenye redio ni mita 15, kwa hiyo kila kebo ina mita 45. Juu kabisa kuna Yagi (antena ya kuelekezwa upande mmoja) ya 144 MHz na Yagi ya 432 MHz kwenye bomba moja linalozungushwa na mota. Dipoli (antena ya waya) ya HF, yaani masafa mafupi, imening'inia kwenye mita 24. Zote tatu zinalishwa na kebo za koaksi za RG-213 ambazo zimeshapita masika mawili.

Shida iko 432. SWR (kipimo cha kinachorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) ni 1.1 kuanzia 430 hadi 440, mshale hautikisiki. Redio inatoa wati 50. Lakini napokewa hafifu na mimi nasikia hafifu, wakati jirani mwenye mlingoti wa mita 9 anawasikia watu walewale vizuri.

Nafikiria kushusha kebo zote tatu. Mezani nina machaguo matatu: LMR-400, Ecoflex 15, au zile fida (kebo za kulishia antena) nene za nusu inchi za minara ya simu. Nichukue ipi? Na konekta za N ni lazima kweli?

#2 FundiKoaksi
Mkuu, hiyo 1.1 ndiyo inayokudanganya. Nguvu inapungua ikipanda, kinachorudi kutoka kwenye antena kinapungua tena kikishuka, kwa hiyo mita iliyo mezani inaona mabaki ya mabaki. Kebo ikila 10 dB (desibeli, kipimo cha hasara) kwenda, itakula 10 nyingine kurudi. Hapo hata ukichomoa antena kabisa, mita itasoma 1.2 na wewe utafurahi.

Hasara kwa mita 100, kwa takwimu za watengenezaji, nimezikata kidogo (28 / 144 / 432 MHz):

RG-213: 3.5 / 8.5 / 15.8 dB
LMR-400: 2.1 / 4.9 / 8.7
Ecoflex 15: 1.5 / 3.4 / 6.1
LDF4-50A, ile ya nusu inchi: 1.1 / 2.6 / 4.7
LDF5-50A, ya inchi 7/8: 0.6 / 1.4 / 2.6

Zidisha kwa 0.45 upate zako. Kwenye 432 RG-213 mpya kabisa inakula 7.1 dB, yaani wati 50 zinafika juu zikiwa 10. LMR-400 inafikisha 20, Ecoflex 15 inafikisha 27, nusu inchi 31, na 7/8 inafikisha 38. Hilo jibu la swali lako liko humo humo.

#3 Mzee_wa_HF
Msimtoe kijana fedha bure. Dipoli ya HF iache na RG-213 yake. Kwenye 7 MHz mita 45 zinakula kama 0.75 dB tu, na alama moja ya S kwenye mita ya redio ya kupimia nguvu ya mawimbi ni 6 dB. Hakuna mtu upande wa pili atakayeitambua robo tatu ya desibeli. Kwenye kusikia ndiyo kabisa: kelele za angani na za mjini zinakuja pamoja na stesheni, kebo inavipunguza vyote kwa kiasi kilekile, uwiano unabaki vilevile.

Na kama anataka bendi zote kwa dipoli moja, aweke laini ya waya mbili ya ohmu 450 na tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio) chini. Hiyo hasara yake ni ndogo hata SWR ikiwa kubwa.

#4 BiMasafa
Shikamoo mzee. Kwa 7 MHz nakubaliana na wewe. Ila ikiwa dipoli hiyo inatumika 28 MHz haijalingana na ohmu za kebo, hesabu inabadilika. Mita 45 za RG-213 kwenye 28 MHz zinakula 1.6 dB antena ikilingana. SWR kwenye antena ikiwa 3, jumla inakuwa 2.3. Ikiwa 10, inafika 4.7 dB. Na ile 3 ya juu itaonekana mezani kama 2, kwa sababu aliyoieleza FundiKoaksi. Kwa hiyo watu wanaosema "SWR yangu 2, siyo mbaya" wakumbuke wanaisomea mwisho upi wa kebo.

Laini ya waya mbili kwenye mnara wa chuma nayo ina masharti yake. Iwe sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye chuma chochote, isokotwe mzunguko mmoja kila mita moja hivi ili upande mmoja usikae karibu na mnara kuliko mwingine, na isipite kwenye bomba la chuma kuingia ndani. Chumvi ya Tanga ikitanda kwenye plastiki kisha mvua ikanyesha, tyuna lazima uigeuze upya.

#5 Kipimo_Kwanza
Mbona hakuna aliyemwambia apime? RG-213 ikiwa nzima ni 7.1. Yake inaweza kuwa 7 au 15, hatujui. Kabla ya kununua chochote:

Chukua NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena na kebo). Kalibreti mwishoni mwa kile kipande cha kebo utakachounganisha, usikalibreti kwenye kifaa chenyewe. Panda, chomoa antena juu, acha mwisho wazi. Chini soma S11 (kiasi kinachorudi) kwa dB kwenye 28, 145 na 432. Kisha juu funga kifuniko cha shoti, soma tena. Mstari utakuwa na mawimbi mawimbi, usichukue kilele wala bonde, chukua katikati. Wastani wa masomo mawili gawa kwa 2. Hiyo ndiyo hasara ya kwenda tu.

NanoVNA za mwanzo zinatumia mawimbi ya ziada juu ya 300 MHz, usahihi unashuka kidogo, lakini kwa namba za ukubwa huu inatosha. Usipande peke yako, na mkanda uwe na kamba mbili.

#6 Mzee_wa_HF
Marahaba BiMasafa. Kuhusu chumvi umesema kweli, hiyo sikuihesabu. Kwa Tanga basi aende na dipoli ya bendi moja moja.

#7 Mlingoti_Tanga
Nimepima kama alivyoelekeza Kipimo_Kwanza, tumepanda wawili. Wastani wa wazi na shoti, kabla ya kugawa:

28 MHz: 3.6
145 MHz: 10.0
432 MHz: 21

Kwa hiyo hasara ni 1.8, 5.0 na 10.5 dB. Kumbe juu zinafika wati 4 na nusu! Konekta zote ni PL-259. Kebo ya 432 ina jointi moja, mita 3 kabla ya antena, pale kinapoanza kitanzi cha kuzungukia mota.

#8 FundiKoaksi
Asante kwa namba, sasa tunaongea. Angalia ziada juu ya ile inayotarajiwa: 28 MHz imezidi 0.2, 145 imezidi 1.2, 432 imezidi 3.4. Gawa kila moja kwa masafa yake, zote zinaangukia karibu 0.008 dB kwa kila megahezi. Ziada inakua sambamba na masafa.

Hasara ya shaba haikui hivyo. Yenyewe inakwenda na kipeuo cha pili cha masafa, kwa sababu mkondo unakimbilia kwenye ngozi ya waya. Hasara inayokua sambamba na masafa ni ya kilichojaa katikati, yaani plastiki ya ndani pamoja na chochote kilichoingia humo. Kwa mtazamo wangu ni maji. Yameingia juu, yameshuka kwenye msuko (nyuzi za shaba zilizosukwa chini ya ganda) kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kebo hiyo haikauki tena, ondoa.

#9 Mti_Mkavu
Napingana na FundiKoaksi kwa heshima. Pointi tatu hazitoshi kujenga sheria, na 0.2 ya 28 MHz ni kosa la kipimo chenyewe. Ukitoa hiyo unabaki na pointi mbili, na kwenye pointi mbili mchoro wowote unapita.

Mimi namtuhumu yule jointi wa mita 3. PL-259 mbili na kiungio katikati, masika mawili, hewa ya chumvi. PL-259 haina mpira wa kuzuia maji ndani, N inayo. Kwenye 28 MHz jointi bovu linaweza kupita bila kuonekana, kwenye 432 linakuwa ukuta.

Weka NanoVNA kwenye kipimo cha muda. Kwenye RG-213 wimbi linakwenda kwa 0.66 ya kasi ya mwanga, kwa hiyo kila nanosekunde 10 za kwenda na kurudi ni karibu mita 1. Mwisho wa kebo utauona kwenye 455 hivi. Ukiona nundu kabla ya hapo, piga hesabu ujue ni mita ngapi.

#10 Ziwani73
Kutoka Kisumu, habari zenu. Kuna jambo la tatu: je, hiyo ni RG-213 kweli? Madukani kuna kebo zimepigwa chapa RG-213 lakini ukizichana msuko ni mwembamba unaona plastiki katikati ya nyuzi. RG-213 halisi ina waya wa kati wenye nyuzi 7 za shaba za milimita 0.75, kipenyo cha nje milimita 10.3, na plastiki ya ndani ngumu yenye kupitisha mwanga kidogo, siyo povu. Kwaruza uzi wa kati kwa kisu. Ukitokea mweupe ndani, ni alumini au chuma kimepakwa shaba. Weka na sumaku.

Chuma kilichopakwa shaba kwenye 432 hakina ubaya mkubwa, kwa sababu mkondo unapita kwenye ngozi ya mikroni chache tu. Ni kwenye 1.8 na 3.5 MHz ndipo kinaponyonya, ngozi inayohitajika inafika karibu mikroni 50 na ile shaba iliyopakwa inaweza isitoshe. Lakini msuko mwembamba unaumiza zaidi masafa yakipanda.

#11 Kipimo_Kwanza
Ziwani73, kebo feki ingekuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Mlingoti, ulipima ilipokuwa mpya?

#12 Mlingoti_Tanga
Sikupima, nilitazama SWR tu.

Nimekwaruza kipande kilichobaki: shaba tupu hadi ndani, nyuzi 7, sumaku haishiki. Msuko umeshonana vizuri. Kipimo cha muda kinaonyesha nundu moja ndogo kwenye nanosekunde 424, kisha mwisho kwenye 455.

#13 Mti_Mkavu
424 ni mita 42. Mita 45 toa 3. Ni pale pale kwenye jointi!

#14 FundiKoaksi
Nundu inakwambia kwamba ohmu zimebadilika mahali hapo. PL-259 na kiungio chake hata zikiwa mpya kutoka kwenye pakiti zinaonyesha nundu kwenye 432, kwa sababu umbo lake halijatengenezwa kwa ohmu 50. Zikiwa nzima hasara yake ni sehemu ndogo ya desibeli. Nundu ndogo haiwezi kula 3.4 dB bila kurudisha kitu kikubwa au kupata moto.

#15 Mti_Mkavu
Mguso wenye kutu unaweza kula bila kurudisha sana. Kutu ni ukinzani, na ukinzani unachoma. Mlingoti, ukifungua jointi tazama: pini nyeusi, au unga wa kijani kwenye uzi wa nati, jibu limepatikana.

#16 BiMasafa
Wakati mnabishana, hizo mita 45 lazima zibadilishwe kwa vyovyote, maana hata zikiwa mpya zinakula 7. Turudi kwenye swali lake.

Kwa mnara huu mimi ningepanda na nusu inchi kwa 144 na kwa 432, ikome mita 1 chini ya mota, kisha kitanzi cha mita 3 cha kebo laini. Nusu inchi haizungushwi. Bomba lake la nje ni shaba yenye mikunjo, ikikunjwa mara nyingi inapasuka. Kona yake isipungue nusu kipenyo cha milimita 125. Ile ya 7/8 inataka 250 na ina uzito wa karibu nusu kilo kwa mita. Faida yake kwako ni 0.9 dB tu, na kuipandisha ni kazi ya watu wanne.

Kwenye kitanzi usiweke LMR-400 ya kawaida. Waya wake wa kati ni mmoja mgumu wa alumini iliyopakwa shaba na chini ya msuko kuna foili ya alumini. Ikipindwa kila siku foili inakunjamana na kupasuka. Kuna aina yake laini yenye nyuzi za kati, au Ecoflex 10, hizo zinafaa. Kitanzi kining'inie kuelekea chini, mota izunguke nyuzi 360 kamili ukiangalia kwa macho kabla hujashuka.

Nusu inchi inapatikana kwa sababu kampuni za simu zinapandisha redio juu ya mnara siku hizi na kuilisha kwa faiba, zile fida za zamani zinashushwa. Chukua kwa risiti na jina la aliyeuza, wizi wa shaba za minara ni kesi kubwa. Kabla ya kulipa, tazama ncha zote mbili: shaba iwe ya rangi ya chungwa, povu liwe jeupe. Povu la kahawia au lenye mstari wa kijani, acha. Zungusha mkono kwenye kebo nzima, pale palipobonyea ukipaona kata hapo au bei ishuke.

#17 Mlingoti_Tanga
Dada nashukuru. Konekta zake nafungaje? Sijawahi.

#18 BiMasafa
Nunua konekta iliyotengenezwa kwa kebo hiyo hiyo kwa namba yake, nusu inchi ya kawaida na nusu inchi laini hazibadilishani.

Nyoosha mwisho wa kebo sentimita 15 kwa mkono. Elekeza ncha chini muda wote wa kukata, ili unga wa shaba uanguke nje usiingie kwenye povu. Toa ganda kwa kisu, zungusha bila kugusa shaba. Kata bomba la nje kwa msumeno wa meno madogo. Konekta nyingine zinataka ukate kwenye bonde la mkunjo, nyingine kwenye kilele, karatasi yake inasema. Toa povu kwenye waya wa kati, usiache hata utando wa gundi, ufute kwa spiriti. Chonga ncha ya waya wa kati iwe butu kidogo, ikiwa na ncha kali inararua vidole vya pini. Panua mdomo wa bomba la nje kwa kupitisha kisu butu kati yake na povu, kisha piga mswaki mkavu.

Ukikaza, shika mwili wa konekta kwa spana moja na ugeuze nati ya nyuma kwa nyingine. Ukizungusha mwili, vidole vya ndani vinasaga shaba na unga unabaki humo humo. Mwisho weka multimita: kati na nje isisome chochote.

Pini ya N ya RG-213 haiingii LMR-400. Moja ina waya wa kati wa milimita 2.25, nyingine 2.74. Watu wanakwangua waya mpaka uingie, wanaondoa ile shaba iliyopakwa, inabaki alumini tupu kwenye hewa ya bahari. Mwaka haufiki.

#19 Kaskazi_Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naongeza la joto, huku Muscat linatufundisha. Kebo za povu laini zikipigwa na jua kali huku zimekunjwa kona ya ghafla, waya wa kati unahama polepole kuelekea upande wa ndani wa kona. Mwisho unagusa msuko. Multimita inaonyesha shoti saa 8 mchana, usiku hakuna shoti, mtu anabaki anashangaa. Kwa hiyo kona zote ziwe pana, na kebo tai zisikazwe hadi ganda libonyee.

Ganda liwe la polietilini nyeusi, na kebo tai nyeusi za kustahimili jua. Zile nyeupe zinakatika kama biskuti.

Kuziba jointi: kaza konekta, zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute mpaka upana wake upungue karibu nusu ndiyo inashikana ikawa kitu kimoja. Anza sentimita 5 chini ya konekta, malizia sentimita 5 juu. Juu yake tepu nyeusi ya umeme, mzunguko wa mwisho upande kutoka chini kwenda juu, ili kila tabaka lifunike la chini kama makuti ya paa. Usiivute tepu nyeusi kwenye mzunguko wa mwisho, ukiivuta itajifungua yenyewe juani. Silikoni inayonuka siki usiitumie kabisa, ile asidi yake inakula shaba.

#20 Ziwani73
Hapo kwa siki umesema neno.

Na radi. Huku ziwani tunapigwa karibu mwaka mzima. Shaba ya nje ya kila fida (bomba au msuko) ifungwe kwenye mnara sehemu mbili, juu kabisa na pale kebo inapoacha mnara kuelekea nyumbani. Sehemu ya pili iwe chini kabisa, siyo mita 3 juu ya ardhi, maana zile mita 3 za mnara zenyewe zina volti nyingi radi ikipita na kebo itazibeba hadi mezani. Kisha kabla ya ukuta weka sahani ya shaba yenye vizuia radi vya gesi, iungwe kwenye erthi ya mnara NA erthi ya umeme wa nyumba. Fimbo mbili zisizoungana ni mbaya kuliko moja.

Kidonge cha gesi: wati 100 kwenye ohmu 50 ni volti 100 za kilele, wati 400 ni 200. Cha volti 90 kitawaka ukibonyeza tu maiki, cha 230 kinatosha kwa wati 100 hata SWR ikipanda kiasi.

Shaba isikae moja kwa moja juu ya mnara uliopakwa zinki, hasa kwako karibu na bahari. Zinki inaliwa, chini yake chuma kinaoza. Weka kipande cha chuma cha pua katikati.

#21 Mlingoti_Tanga
Swali la kizembe labda: kwa nini nisiweke kikuza mawimbi juu kabisa, nikabaki na RG-213?

#22 Kipimo_Kwanza
Siyo la kizembe. Kwa kusikia, hesabu inakupendelea. Redio yenye kelele 5 dB nyuma ya kebo ya 10.5 ni sawa na redio ya kelele 15.5. Weka juu kikuza chenye kelele 1 dB na ukuzaji wa 20, mfumo mzima unashuka hadi kama 2 dB. Hakuna kebo yoyote utakayonunua ikufikishe hapo.

Lakini ukitangaza bado ni wati 4 na nusu. Na kikuza kinataka relei za kukikwepa wakati wa kutangaza, volti 12 kupanda na kebo, na relei ibadilike kabla nguvu haijatoka. Relei ikichelewa mara moja, kikuza kimekufa na unapanda mita 30 kukifuata. Kebo kwanza, kikuza baadaye.

#23 Mti_Mkavu
Mimi ningefanya kinyume, kikuza kwanza. Asiyesikia hana wa kumjibu.

#24 Sahani_Juu
Wakuu nawatoa nje ya njia kidogo. Mwenye haja ya mawasiliano ya mbali asisahau QO-100, ile setilaiti ya wanaredio iliyo nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Tanga iko nyuzi 73 hivi juu ya upeo wa macho, karibu utosini. Mnara hauhitajiki, sahani inakaa chini uani. Unapanda kwa 2400 MHz unashuka kwa 10489. Kwenye 2400 LMR-400 inakula kama 22 dB kwa mita 100, kwa hiyo ukileta wazo la mita 45 umebaki na sehemu moja ya kumi. Kule tunaweka kikuza cha kutangazia pale pale nyuma ya sahani, na kebo inapeleka masafa ya chini tu.

#25 FundiKoaksi
Na huo ndio ushahidi kwamba kebo bora ni fupi. Mlingoti, mita 15 za chini ni lazima? Redio ikihamia kwenye kibanda mguuni mwa mnara unaokoa theluthi ya hasara bila kununua kitu.

#26 BiMasafa
Kibanda cha mguu wa mnara ndipo radi inapotua, FundiKoaksi. Mtu akae na spika masikioni hapo? Siafiki.

Nyongeza moja niliyoisahau: akija kuweka ripita (kituo cha kurudisha mawimbi ya wengine) siku moja, kutangaza na kupokea kwa wakati mmoja kwenye kebo moja, LMR-400 aikwepe. Foili ya alumini ikisuguana na msuko wa shaba iliyopakwa bati inazalisha mikwaruzo inayoingia kwenye mpokeaji. Nusu inchi haina hiyo shida, na kwa vipande vifupi RG-214 yenye misuko miwili ya shaba iliyopakwa fedha.

#27 Mlingoti_Tanga
Nimepata nusu inchi, mita 100, ina risiti. Povu ni jeupe ncha zote. Mita 1 chini ya mota itakuwa jointi ya N, kitanzi Ecoflex 10. HF inabaki RG-213.

Leo nimeshusha kebo ya 432. Jointi: pini ya PL-259 moja ni nyeusi, nyingine inang'aa. Hakuna kijani. Nimechana ganda sentimita 20 chini ya jointi, msuko ni mweusi lakini mkavu. Nimechana tena mita 10 chini, msuko unang'aa shaba safi.

#28 Mti_Mkavu
Pini nyeusi. Sina la kuongeza.

#29 FundiKoaksi
Msuko mweusi sentimita 20 chini ya jointi haukupikwa na pini. Ni maji yaliyopita na kukauka. Kata mita 5 za juu, weka konekta mpya, pima zile 40 zilizobaki. Zikisoma 6.3 kwenye 432, ubaya ulikuwa juu tu. Zikisoma 8 na kitu, umepenya kote hata kama shaba ya mita 10 inang'aa.

#30 Kipimo_Kwanza
Kabla ya kukata, badilisha PL-259 hizo mbili peke yake upime. Ukikata zote kwa mpigo hutajua ni nani kati ya hao wawili.

#31 Kaskazi_Muscat
Na chini kabisa, kabla kebo haijaingia ukutani, acha kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu ili maji ya nje yadondoke. Wengine wanatoboa ganda kwa sindano pale chini ya kitanzi ili hata maji ya ndani yatoke.

#32 Ziwani73
Kutoboa sikubali, panapotoka maji ndipo inapoingia hewa ya chumvi. Kwa nusu inchi ndiyo usiguse kabisa, povu limegandana na shaba, hakuna maji ya kutoa.

#33 Mlingoti_Tanga
Nabadilisha PL-259 kwanza, kisha nakata. Nitaleta namba za 28, 145 na 432 kwa kila hatua.